Mwanamkisi Si Mtoto wa Mkisii: Kweli na Si Kweli Kuhusu Majina Adimu ya Watoto wa Mombasa Ng'ambo

Binti wa kaka yangu alijifungulia Mtongwe, na siku ya saba, akika ikipikwa uani, akatutajia jina la mwanawe: Mwanamkisi. Kina mama waliokuwa wakikuna nazi wakasimamisha mikono. Jirani akauliza, "Mwana nani?" Mgeni aliyetoka Changamwe kuja kutupa hongera akataka kujua kama baba wa mtoto ni Mkisii. Shemeji akasema jina hilo litamsumbua shuleni. Mwingine akasema si jina la Kiislamu, na mwingine akaapa kwamba afisi ya usajili italikataa. Mzazi mwenyewe alikaa kimya, mtoto kifuani.

Mimi ni shangazi yake, na shangazi kwetu ana sauti katika jambo la jina. Lakini siku ile nilichagua kusikiliza, kwa sababu maneno yale ndiyo yale yale ninayoyasikia Likoni, Kisauni na Changamwe kila mtoto anapopewa jina lisilozoeleka. Mengine yana ukweli ndani yake. Mengi hayana, na yamewafanya wazazi wengi waliache jina walilolipenda wakachukua la jirani.

"Hilo si jina, limebuniwa tu."
SI KWELI.

Mwana Mkisi ni jina kongwe kuliko Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Masimulizi ya wenyeji yanamtaja kuwa malkia wa Kongowea, mji uliotangulia, kabla ya Shehe Mvita kushika utawala na mji kuitwa kwa jina lake. Koo kongwe za Thenashara Taifa, yale mataifa 12 ya Waswahili wa Mombasa ambayo Wachangamwe ni mojawapo, huhesabu asili yao hadi kwake. Jina la Kongowea limebaki upande wa ng'ambo ya kaskazini, kwenye soko ambalo watu hulifuata vitunguu na viazi tangu alfajiri. Jina la malkia mwenyewe ndilo lililopotea midomoni.

Na lile swali la Mkisii lilikosea mara mbili. Kwanza, "Mwana" katika majina ya zamani ya pwani si mtoto wa fulani. Ni neno la heshima kwa mwanamke wa daraja, kama alivyoitwa Mwana Kupona, mshairi wa Pate. Pili, sikiliza mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Mkisi, mkazo uko kwenye "ki". Katika Mkisii, mna irabu mbili mwishoni, kwa hivyo mkazo unasogea mbele na kukaa kwenye "si". Anayelitamka jina hili kama walivyolitamka wazee hawezi kumchanganya malkia na mtu wa Kisii, na anayewachanganya amelisoma kwa macho kabla ya kulisikia.

Jina adimu mara nyingi ni jina la zamani lililokosa mrithi. Mombasa ilikuwa na mwanachuoni aliyeitwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890. Ndiye aliyekusanya na kufafanua mashairi ya Muyaka bin Haji na kumsaidia mmishonari W. E. Taylor kuyaandika. Leo mzazi akimwita mwanawe Sikujua, watu watadhani anatania. Lakini sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu Muyaka imepitia mikononi mwa mtu mwenye jina hilo.

Na kwa kuwa Kisii imetajwa: yupo mwanamke wa pwani aliyepelekwa huko kwa nguvu. Serikali ya kikoloni ilimkamata Mekatilili wa Menza mwaka 1913 na kumhamishia Kisii, akatoroka mwaka 1914 na kurudi kwao Giriama kwa miguu. Alipozaliwa hakuitwa Mekatilili. Aliitwa Mnyazi. "Me" kwa Wamijikenda ni mama wa, naye alikuwa mama wa Katilili. Jina ambalo nchi nzima inamkumbukia nalo alilipewa na mwanawe.

"Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, kwa hiyo hakuna atakayelikosea."
NUSU KWELI.

Kwa maneno ya kila siku, ndiyo. Kwa majina ya Mombasa, hapana, na hapa nataka kukaa kidogo kwa sababu ndipo watoto wetu wanapoumia.

Mtazame gavana wetu, Abdulswamad. Mtazame mbunge wa Jomvu, Badi Twalib. Mkumbuke mwimbaji wa taarab Zuhura Swaleh. Mtu ambaye hajakulia hapa akiliona jina Swaleh huitamka ile "w" yote, kama anasema "swali". Mwenyeji hafanyi hivyo. Hutamka "s" nzito, ulimi umevutwa nyuma na mdomo umejaa, na "w" ile ni kivuli tu cha uzito huo. Ni herufi swadi ya Kiarabu. Ile ya Twalib, Twahir na Twaiba ni "t" nzito, ndugu yake. Alfabeti tunayotumia haina herufi za sauti hizo, basi watu wa Mombasa wakaiazima "w" iwe alama yake: Swaleh, Swabra, Hafswa, Swafiya.

Ukivuka mpaka na kwenda Tanga au Unguja, mtu yule yule ataandikwa Saleh au Salehe. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika hapa hapa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita kikawekwa kando. Vitabu vikafuata uamuzi huo. Majina ya watu hayakufuata, na nafurahi kwamba hayakufuata, kwa sababu "w" hiyo inafanya kazi ambayo tahajia sanifu haiwezi kuifanya.

Mfano wake ni huu. Asiya ni jina la mke wa Firauni aliyemwamini Mungu, na ni jina zuri la kumpa binti. Lakini Kiarabu kina neno jingine, lenye ain mwanzoni na swadi katikati, ambalo maana yake ni mwanamke muasi. Imepokewa kwamba Mtume Muhammad alimbadilishia jina mwanamke aliyeitwa hivyo, akamwita Jamila. Kwa herufi za kizungu maneno hayo mawili yanaweza kuandikwa sawasawa. Kwa mwandiko wa Mombasa, la pili lingekuwa Aswiya, na mzazi angejua mara moja ni lipi la kuepuka. Nani atasema tena kwamba "w" hiyo ni makosa ya watu wasiojua kuandika?

Changamwe ina shida yake nyingine. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, kisha zikaja gati za Kipevu na kiwanda cha kusafisha mafuta kilichofunguliwa mwaka 1963, na watu wakaja kutoka kila pembe ya Kenya na majina yao. Achieng' ana ritifaa baada ya "ng", na alama hiyo ndogo ndiyo inayotofautisha sauti ya "ng'ombe" na ya "ngoma". Rejista za kompyuta huiangusha, mwalimu husoma alichokiona, na mtoto huitwa Achienga mwaka mzima. Gavana wa Kilifi, Gideon Mung'aro, naye hupokonywa alama hiyo kila mara na vichwa vya habari.

"Majina ya Kimijikenda ni magumu kutamka."
SI KWELI.

Anayeagiza pitsa pale Nyali ametamka "ts" bila shida. Kwa nini basi ashindwe na Tsuma? Sauti ya "dz" iliyo ndani ya Kadzo au ndani ya jina la mbunge wa Kisauni, Rashid Bedzimba, ni dada wa "j" yetu. Mmijikenda akisema "madzi", Mswahili anasema "maji". Akisema "dzana", sisi tunasema "jana". Ulimi ugonge nyuma ya meno, kisha uachie pumzi ipite kama unasema "z". Mtoto wa miaka 3 wa Mtopanga anaiweza, awe Mgiriama au asiwe.

Kinachoitwa ugumu ni kukosa kujaribu. Nimewaona wasichana wakijiandika "Kajo" ili wasisumbuliwe. Kadzo ni jina lililotokana na neno la uzuri, kitu kidogo kizuri. Kajo halina maana yoyote.

"Fatuma ni kuharibu. Jina sahihi ni Fatma au Fatima."
SI KWELI.

Kiswahili hupenda silabi iishe kwa irabu, na kikipokea jina hulivalisha hivyo. Uthman akawa Athumani, Abu Bakr akawa Bakari, Rajab akawa Rajabu, Fatma akawa Fatuma. Haya yamekuwa majina kamili ya watu kamili kwa vizazi na vizazi. Gavana wa Kwale ni Fatuma Achani na hakuna aliyemwambia ajirekebishe. Nyumba nyingi za Likoni zina bibi Fatuma, mama Fatma na mjukuu Fatima, wote wameitwa kwa heshima ya binti wa Mtume. Jambo la kuangalia ni moja tu: lile lililo kwenye cheti ndilo liwe shuleni na kwenye kitambulisho, kwa sababu mtu mmoja mwenye tahajia tatu atahangaishwa mlangoni pa kila afisi.

"Mtoto wa Kiislamu lazima awe na jina la Kiarabu, na wa Kikristo jina la Kizungu."
SI KWELI.

Katika Uislamu kinachotazamwa ni maana. Abdallah na Abdulrahman yamesifiwa kuwa majina bora, jina baya hubadilishwa kama nilivyotaja, na jina lenye maana njema linafaa, liwe la lugha gani. Riziki, Subira, Zawadi, Salama, Mwanaidi, Mwanahamisi: haya yamesomewa dua katika misikiti ya pwani tangu zamani. Mwanamkisi nalo ni jina la heshima la mwanamke, na mwalimu wa madrasa tuliyemuuliza jioni ile aliitikia kwa kichwa tu akamwombea mtoto.

Kwa upande wa Wakatoliki, sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 855, inawataka wazazi, wasimamizi na paroko wasimpe mtoto jina lililo kinyume na hisia za Kikristo. Haisemi liwe la mtakatifu wa Ulaya. Katana anaweza kubatizwa Katana.

Sheria ya nchi nayo haidai jina la dini wala la Kizungu. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa. Jina lipi, inawaachia wazazi.

"Jina la shida huleta shida."
SI KWELI, ingawa naelewa hofu yenyewe.

Tabu, Shida, Mashaka, Sikujua: majina haya yalitolewa katika saa ngumu, au baada ya watoto kadhaa kufariki, ili yule aliyebaki asionewe wivu na kifo. Aliyeyatoa hakuwa akimlaani mtoto. Alikuwa akimficha. Ukikutana na mzee anayeitwa Mashaka, tambua kwamba kuna mama aliyelia kabla yake.

Hata hivyo, jina linaweza kuwa mzigo, na historia yetu ina mtu aliyeutua. Mwaka 1880, huko Fumba, Unguja, alizaliwa binti akaitwa Mtumwa. Alikua akiuza vyungu, akawa mwimbaji, na watu wakamwita Siti, yaani bibi wa heshima. Mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na jina la Mtumwa lilikuwa limezikwa muda mrefu kabla yake.

"Majina ya Mwana- yamekwisha. Hakuna tena anayeyatoa."
SI KWELI, bali yamepungua masikioni.

Nikikaa kwenye benchi la kliniki Likoni siku hizi nasikia Rayyan, Aaliyah, Inaya. Mwanajuma na Mwanaisha nawasikia wakiitwa upande wa wazee wanaopimwa presha. Kwa kusikia tu, ungesema upande mmoja umewafukuza wengine. Lakini majina ya pwani hayaendi kama fasheni ya madera. Yanazunguka. Mtoto hupewa jina la bibi au babu, kwa Waswahili na kwa Wamijikenda, kwa hiyo jina hulala kizazi kimoja na kuamka kingine. Mwanaidi aliyepo leo kwenye benchi la presha atarudi akiwa mchanga, mgongoni mwa mama ambaye hajaolewa bado.

Marekani wanahesabu. Idara yao ya hifadhi ya jamii huchapisha orodha za majina ya watoto zinazorudi nyuma hadi mwaka 1880, na jina lenye watoto chini ya 5 kwa mwaka halionyeshwi. Humo wamo kina Imani na kina Nia, majina yaliyoenea zaidi baada ya Maulana Karenga kuanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuyaweka maneno hayo mawili kati ya misingi yake 7. Kuna jambo la kutafakari hapo. Mama wa Chicago huvuka bahari kwa moyo akachukua neno letu, na mama wa Bamburi huona haya kulitumia akiwa nyumbani.

"Likishaandikwa kwenye cheti, ndiyo basi."
SI KWELI. Tena shika sana hili.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, sura ya 149, inampa mzazi miaka 2 tangu usajili kuingiza jina ikiwa mtoto aliandikishwa bila jina, au kulibadilisha ikiwa amepewa jingine. Hulipa ada na kuonyesha ushahidi. Miaka hiyo ikipita bado kuna njia ya hati ya kubadili jina, inayosajiliwa na kutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, lakini ni safari ndefu na yenye gharama. Kuzaliwa kwenyewe kunatakiwa kuandikishwa ndani ya miezi 6. Baadaye utaambiwa umechelewa na utaulizwa mengi.

Na kama wazazi hawakuoana? Wengi ng'ambo bado wanaambiana kwamba mama hawezi kuliandikisha jina la baba bila baba kukubali. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kifungu cha 12 cha sheria hiyo, kilichowabagua watoto hao, kinapingana na Katiba.

Makosa mengi huzaliwa pamoja na mtoto. Nesi hujaza karatasi ya taarifa ya uzazi usiku, wodi imejaa, mama amechoka, jina linatajwa kwa mdomo, na kila mtu husikia kwa lugha ya kwao. Mwanangu wa kwanza aliandikwa jina lililopungua herufi moja, sikulikagua, na nililijua alipofika umri wa kwenda shule. Miaka 2 ilikuwa imepita. Nililia barabarani nikiwa na bahasha mkononi, kwa sababu jina lile lilikuwa la marehemu baba yangu.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu, mwezi mmoja kabla ya kujifungua, aandike majina yote mawili aliyokuwa akiyafikiria, la kiume na la kike, kwa herufi kubwa, kwenye jalada la kitabu cha kliniki. Alifanya hivyo. Nesi aliyekuwa zamu usiku ule alikuwa binti wa Kikamba, mgeni wa pwani, wala hajawahi kusikia habari za Kongowea ya kale. Alikichukua kitabu, akasoma polepole kwa sauti, silabi baada ya silabi, mkazo ukaangukia kwenye "ki", akamtazama mama na kumuuliza, "Nimelisema sawa?"